Mpira Marekani: watazamaji walikuwepo, televisheni ndiyo iliyochelewa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea na shabiki wa mpira tangu utotoni. Mdogo wangu anaishi Columbus, Ohio, na kila tukizungumza ananiambia Wamarekani siku hizi wanaupenda mpira, hata kazini kwake watu wanabishana kuhusu Arsenal na Liverpool. Lakini nikisoma habari naona ligi yao inaitwa ligi ya wastaafu, na kwamba bila Messi hakuna anayeitazama. Ukweli ni upi? Na kwa nini nchi yenye televisheni nyingi namna ile ilichukua miaka yote hiyo kuupa mpira nafasi? Mwisho, mdogo wangu analalamika kwamba mechi zimetapakaa kwenye programu nyingi mno. Alipie ipi?

JIBU: Mwalimu, mdogo wako anasema kweli, na habari unazosoma nazo zina ukweli wake, kwa sababu zinazungumzia mambo mawili. Mpira kama mchezo unatazamwa Marekani leo kuliko wakati wowote tangu televisheni iingie majumbani kwao. Ligi yao ya wanaume, MLS, bado inahangaika kupata watazamaji wa televisheni. Mtu anaweza kuamka alfajiri huko Columbus kuitazama Arsenal, jioni akafuatilia ligi ya Meksiko kwa Kihispania, na asijue hata timu ya mjini kwake, Columbus Crew, imecheza na nani wiki hiyo. Watu wa namna hiyo ni wengi, nao ndio wanaowachanganya waandishi.

Nitaanza na swali lako la kwa nini walichelewa, maana likieleweka hilo mengine yanafunguka.

Televisheni ya Marekani ililelewa na matangazo ya biashara. Uingereza walikuwa na BBC inayolipiwa kwa ada ya leseni, lakini kule walipaji walikuwa watengenezaji wa sabuni, magari na bia. Michezo waliyoikuta inapendwa ilikuwa na nafasi za kutosha kwa wafadhili hao. Besiboli husimama kila timu zinapobadilishana zamu. Mpira wa kikapu una robo nne, na makocha huomba mapumziko wanapotaka. Futiboli ya Kimarekani ina dakika 60 kwenye saa ya mchezo, lakini mechi moja hukaa hewani zaidi ya saa tatu, na tangazo hufuata tangazo bila mtazamaji kukosa chochote. Sasa waletee watu wa mauzo mchezo wa dakika 45 mfululizo, mpira hausimami, na bao linaweza kuingia sekunde yoyote. Walichokiona ni muda wa hewani usiouzika.

Kwa hiyo walijaribu kuulazimisha uuzike. Mwaka 1967 zilianzishwa ligi mbili za kulipwa kwa mpigo, moja ikiwa na mkataba na kituo cha televisheni cha CBS. Katika mechi ya Toronto na Pittsburgh mwaka huo, mwamuzi Mwingereza Peter Rhodes alikiri baadaye kwamba kati ya faulo 21 alizopulizia filimbi, 11 alizipuliza ili televisheni ipate nafasi ya kurusha matangazo. Faulo zaidi ya nusu, Mwalimu, na wachezaji uwanjani wakishangaa wamekosa nini. Mtazamaji aliyekuwa anauona mchezo huu kwa mara ya kwanza alifundishwa kwamba mpira ni kitu cha kusimama-simama bila sababu. Ligi hizo mbili ziliungana na kuwa NASL, iliyoanza 1968 na timu 17. CBS ikaondoka, na mwaka 1969 zikabaki timu tano.

Kisha akaja Pelé. New York Cosmos, timu iliyokuwa mali ya kampuni ya Warner, ilimsajili mwaka 1975, na mechi yake ya kwanza ilichezwa tarehe 15 Juni kwenye uwanja mchakavu wa Randall's Island. Nyasi zilikuwa zimekufa sehemu kubwa, basi mafundi wakapaka udongo rangi ya kijani ili kamera za CBS zisione vumbi. Miaka miwili baadaye Cosmos walikuwa wanajaza Giants Stadium. Tarehe 14 Agosti 1977 waliingia watu 77,691 kuwatazama wakicheza na Fort Lauderdale Strikers. Beckenbauer wa Ujerumani alikuwepo, Carlos Alberto wa Brazili alikuwepo, Chinaglia wa Italia alikuwa anafunga atakavyo. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini waliojaza uwanja wa Cosmos hawakuwa na wenzao wa kutosha kwenye miji mingine, na ligi ilijitanua hadi timu 24 huku wamiliki wakitumia fedha wasizokuwa nazo. Kituo cha ABC kilipochukua mechi mwaka 1979, takwimu za watazamaji zilikuwa dhaifu, na hakikudumu. Msimu wa 1984 ukawa wa mwisho.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno ambalo wachambuzi wa Marekani walilirudia kwa miaka 20: kwamba Mmarekani hapendi mpira na hataupenda. Mimi sijawahi kulikubali. Kilichokuwa kimeshindwa ni biashara moja iliyoendeshwa vibaya, na kituo kimoja baada ya kingine vilivyouonyesha mchezo kana kwamba vinauonea aibu. Hata Kombe la Dunia la 1990, lililokuwa la kwanza kwa Marekani kufuzu tangu 1950, lilionyeshwa na kituo cha kebo, yaani televisheni ya kulipia, cha TNT kilichokuwa kinakatiza mechi katikati kuweka matangazo, mpira ukiwa unachezwa.

Dawa ilipatikana 1994. FIFA ilikuwa imewapa Marekani uenyeji tarehe 4 Julai 1988, siku ya uhuru wao, kwa sharti kwamba waanzishe ligi ya daraja la kwanza. ABC na ESPN, waliokuwa na haki za kuonyesha kwa Kiingereza, waliamua kutokatiza mechi hata moja. Badala yake waliweka saa na matokeo kwenye pembe ya skrini muda wote, na pembeni yake nembo ya mfadhili. Leo hilo tunaliona la kawaida kabisa, lakini kwa mtu wa televisheni ya Marekani wakati ule lilikuwa jambo geni. Sky ya Uingereza ilikuwa imeanza kuweka saa na matokeo kwenye skrini mwaka 1992. Kombe la Dunia likawazoesha Wamarekani, na miezi michache baadaye Fox ikafanya vivyo hivyo kwenye futiboli ya Kimarekani. Na watu walikuja. Viwanjani waliingia zaidi ya milioni 3.5, wastani wa karibu 69,000 kwa mechi, na hakuna Kombe la Dunia kati ya 1998 na 2022 lililofikia jumla hiyo ingawa mechi ziliongezeka kutoka 52 hadi 64. Nchi iliyosemwa haipendi mpira ilikuwa imejaza viwanja kuliko Ufaransa, Ujerumani na Brazili.

Walitoka wapi watu hao? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wachambuzi wengi wanapopita mbio.

Wengi walikuwa wanatazama mpira siku zote, kwa Kihispania. Univision ilikuwa inaonyesha ligi ya Meksiko na Kombe la Dunia kwa miaka mingi wakati vituo vya Kiingereza vikibishana kama mchezo huu una mashabiki. Sauti ya Andrés Cantor, mtangazaji aliyezaliwa Argentina, akivuta neno gooool mpaka pumzi inakata, ilijulikana Los Angeles, Houston na Chicago kabla majirani zao hawajajua jina la nahodha wa timu yao ya taifa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62 wenye asili ya Amerika ya Kilatini nchini Marekani. Ligi ya Meksiko kwa miaka mingi imekuwa ndiyo ligi ya mpira inayotazamwa zaidi nchini humo, ikiishinda ya Uingereza na ya kwao wenyewe. Timu ya taifa ya Meksiko hucheza mechi za kirafiki Marekani kila mwaka, na viwanja hujaa.

Ukitaka kupima jambo hili kwa fedha, angalia mwaka 2011. FIFA iliuza haki za Marekani za Kombe la Dunia la 2018 na 2022 kwa lugha mbili. Fox, kwa Kiingereza, iliripotiwa kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 400. Telemundo, kwa Kihispania, ikaripotiwa kulipa karibu milioni 600. Yaani katika nchi ya Kiingereza, mpira unaotangazwa kwa Kihispania uliuzwa ghali zaidi. Na Telemundo hawakukosea. Marekani ilipofungwa 2-1 na Trinidad na Tobago kule Couva tarehe 10 Oktoba 2017 na kukosa Kombe la Dunia la Urusi, Fox ndiyo iliyobaki na mashindano yasiyo na timu ya nyumbani. Telemundo walikuwa na Meksiko, na pia Kolombia, Argentina na Uruguay, ambazo kila moja ina wajukuu wake New Jersey na Florida.

Kwa hiyo mtu akisema mpira umeanza kupendwa Marekani, swali la kumuuliza ni: umeanza kupendwa na nani? Kwa mamilioni ya watu haukuanza juzi. Kilichoanza juzi ni kuhesabiwa kwao.

Na kuna wanawake. Sheria ya mwaka 1972, ijulikanayo kama Title IX, ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Michezo ikaingia humo, na vyuo vilivyohitaji timu za wasichana viliona mpira wa miguu ni rahisi kuanzisha: uwanja, wachezaji kumi na mmoja, vifaa vichache. Kizazi kilichokua hivyo ndicho kilichobeba Kombe la Dunia la 1991 na la 1999. Fainali ya 1999 dhidi ya China, kwenye uwanja wa Rose Bowl, ilihudhuriwa na watu 90,185 na kutazamwa na Wamarekani karibu milioni 18. Mwaka 2015, fainali ya Marekani na Japani iliyoisha 5-2, siku ambayo Carli Lloyd alifunga mabao matatu ndani ya dakika 16 za mwanzo, ilipata watazamaji milioni 25.4 kwenye Fox peke yake. Linganisha na fainali ya wanaume ya 2022 kati ya Argentina na Ufaransa, ambayo wengi wanasema ndiyo bora kuliko zote: Fox ilipata milioni 16.8. Yaani kwa mtazamaji wa Kiingereza, wanawake wa Marekani walimshinda Messi na Mbappé kwa mbali.

Lakini ligi ya wanawake ilinyimwa televisheni ya maana kwa muda mrefu. Ligi mbili zilikufa kabla ya hii ya sasa, NWSL, iliyoanza kuchezwa 2013. Novemba 2023 ndipo ilipopata mikataba na CBS, ESPN, Amazon na Scripps yenye thamani ya dola milioni 240 kwa miaka minne. Nakusihi, Mwalimu, uifuatilie ligi hiyo na wanafunzi wako wa kike, kwa sababu imejaa dada zetu. Temwa Chawinga wa Malawi, jirani yenu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, aliifungia Kansas City Current mabao 20 mwaka 2024 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi. Barbra Banda wa Zambia ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya mwaka huo na kuipa Orlando Pride ubingwa.

Sasa tufike kwa wale wa kazini kwa mdogo wako, wanaobishana kuhusu Arsenal na Liverpool. Hao wameletwa na kebo, na baada ya kebo, intaneti.

Kebo ilibadilisha hesabu ya fedha. Nyumba inalipia kifurushi kizima kila mwezi, na kila chaneli iliyomo inapata sehemu yake hata kama hujaifungua. Chaneli za namna hiyo haziombi tangazo kila dakika kumi. Zinahitaji kitu ambacho kikundi fulani cha watu hawawezi kukikosa, ili kampuni ya kebo iogope kuiondoa chaneli. Mpira wa Ulaya ulifaa kabisa. Mwaka 2013 NBC ilichukua Ligi Kuu ya Uingereza kwa dola milioni 250 kwa miaka mitatu, na ikafanya mambo mawili ya busara. La kwanza, ilionyesha kila mechi. La pili, iliuheshimu mchezo: studio yenye watu wanaoujua, mtangazaji Mwingereza, bila kumfundisha mtazamaji sheria ya kuotea kila wiki.

Saa nazo zikawasaidia. Mechi ya mapema ya Jumamosi, ambayo kwenu wakati wa baridi ya Ulaya huanza saa tisa na nusu alasiri, kwa mdogo wako huanza saa moja na nusu asubuhi. California ni saa kumi na nusu alfajiri, bado giza. Ungedhani ni hasara, kumbe ndiyo faida yenyewe. Jumamosi asubuhi televisheni ya Marekani ilikuwa tupu. Futiboli ya vyuo huanza adhuhuri, ya kulipwa huchezwa zaidi Jumapili. Mpira wa Uingereza uliingia kwenye saa ambazo hazikuwa na mwenyewe, ukazoeleka, na baa za Brooklyn na Seattle zikaanza kufungua milango asubuhi kwa ajili ya mashabiki. Mkataba wa sasa wa NBC, uliotangazwa 2021, ni wa takriban dola bilioni 2.7 kwa miaka sita hadi 2028. Kwa mwaka mmoja hiyo ni zaidi ya mara tano ya bei ya 2013. Laliga ilikwenda ESPN kwa dola bilioni 1.4 kwa miaka minane. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya iko CBS na programu yake ya Paramount+, kwa dola bilioni 1.5 kwa miaka sita hadi 2030.

Hebu tuweke mizani sawa, maana sitaki umwambie mdogo wako kwamba mpira umeipindua futiboli. Fainali ya futiboli ya Kimarekani, Super Bowl, ilitazamwa mwaka 2024 na watu wapatao milioni 123. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ikipata milioni mbili Marekani ni sherehe. Shirika la kura za maoni la Gallup huwauliza Wamarekani wanapenda kutazama mchezo gani kuliko yote: mwaka 2017 waliotaja mpira wa miguu walikuwa asilimia 7, na mwaka 2023 asilimia 5, futiboli ikiwa na 41. Wanaoupinga mchezo hupenda kuitaja asilimia hiyo. Mimi naona swali lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa kuwa linamhesabu mtu kwa mchezo mmoja tu, na shabiki wa kawaida wa Marekani ana mitatu au minne. Mpira umekuwa mchezo wa pili au wa tatu wa watu wengi sana, na hiyo inatosha kuuzika kwa mabilioni.

Hii haimaanishi kwamba kila mechi ya mpira itajaza uwanja. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 lilichezwa Marekani nzima, na mechi ya Mamelodi Sundowns na Ulsan mjini Orlando iliingiza watu 3,412.

MLS, basi. Ilianza tarehe 6 Aprili 1996, ikiwa na hila za kumfurahisha Mmarekani wa kufikirika: saa ya uwanjani ilihesabu kurudi nyuma, na sare iliamuliwa kwa mchezaji kukimbia na mpira kutoka yadi 35 dhidi ya kipa. Mmarekani huyo hakutokea, na wapenzi wa kweli wa mpira walichukizwa. Timu zilicheza kwenye viwanja vya futiboli vya watu 70,000, mistari ya mchezo mwingine ikionekana kwenye nyasi na viti vitupu vikijaa skrini. Mji wa mdogo wako ndio ulioonyesha njia: mwaka 1999 Columbus Crew walipata uwanja wao wenyewe, wa kwanza uliojengwa mahsusi kwa timu ya MLS. Kukaa watu 15,000 katika uwanja wa 20,000 huonekana na kusikika vizuri kwenye televisheni; watu hao hao katika uwanja wa 70,000 huonekana kama msiba.

Hata hivyo mwanzoni mwa 2002 ligi ilifuta timu mbili za Florida na kubaki na kumi, zikishikiliwa na wamiliki watatu tu. Hao watatu, Philip Anschutz, Lamar Hunt na Robert Kraft, wakafanya jambo ambalo naliona ni la ujasiri mkubwa kuliko yote katika historia hii. Hakuna kituo cha Kiingereza kilichokuwa tayari kulipia Kombe la Dunia la 2002 na la 2006. Wao, wenye ligi inayokufa, walizinunua haki hizo wenyewe kwa takriban dola milioni 40 na kuzipeleka ABC na ESPN. Marekani ikafika robo fainali 2002. Thamani ya ligi nayo ikapanda: mwaka 2007 Toronto ililipa dola milioni 10 kuingia kwenye ligi. San Diego, iliyoanza kucheza 2025 kama timu ya 30, ililipa milioni 500.

Na hao "wastaafu"? Beckham alikuja 2007, kisha Henry, Kaká, Pirlo, Gerrard, Lampard, Ibrahimović, nyota waliokuwa wamekaribia mwisho wa uchezaji wao. Jina hilo halikutoka hewani. Lakini limepitwa na wakati. Miguel Almirón alitoka Atlanta kwenda Newcastle akiwa katika ubora wake, na Alphonso Davies aliuzwa na Vancouver kwa Bayern Munich akiwa kijana wa miaka 17. Sisi tuna wetu pia. Victor Wanyama wa Kenya alicheza miaka kadhaa Montréal. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi kutoka Kongo; familia ikahamishiwa Abilene, Texas, mwaka 2016. Alipita kwenye majaribio ya wazi ya timu ya pili ya FC Dallas, akapanda, na Agosti 2023 akaifunga Inter Miami ya Messi katika mechi iliyoisha 4-4 kabla ya Dallas kutolewa kwa penalti. Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani. Hadithi yake waelezee wanafunzi wako.

Tatizo la MLS ni mahali ilipojificha. Mwaka 2022 ilisaini na Apple mkataba wa miaka kumi kuanzia 2023, angalau dola milioni 250 kwa mwaka, mechi zote popote ulipo. Fedha ilikuwa nzuri, na picha pia. Messi alipowasili Julai 2023 na kuifunga Cruz Azul kwa mpira wa adhabu dakika za nyongeza, wateja wapya waliongezeka, na mkataba wake ulimpa sehemu ya mapato hayo. Ila shabiki mpya hapatikani nyuma ya ukuta wa malipo. Mtu aliyekaa nyumbani akibadilisha chaneli alikuwa hakutani tena kwa urahisi na mechi ya Columbus Crew kwa bahati. Novemba 2025 ligi yenyewe ilitangaza kukifuta kifurushi chake cha pekee, na kuanzia 2026 mechi zake zinaingia kwenye malipo ya kawaida ya Apple TV. Pia kuanzia katikati ya 2027 itahamia kalenda ya Ulaya. Hatua zote mbili naziunga mkono, na naona ya kwanza imechelewa miaka mitatu. Kuhusu Messi, jibu langu ni kwamba ameileta MLS machoni pa dunia, lakini mpira wa Marekani haukumngoja yeye.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Desemba 2025 FIFA ilitangaza kwamba kila mechi ya Kombe la Dunia la 2026 ina mapumziko ya maji ya dakika tatu katikati ya kila kipindi, hata kwenye viwanja vyenye paa na kiyoyozi. Afya ya wachezaji ni jambo la haki kwenye joto la Juni. Ila dakika tatu ndani ya Atlanta au Dallas, chini ya kiyoyozi, zinanikumbusha filimbi za Peter Rhodes. Miaka yote hii mpira ulishinda Marekani kwa kukataa kukatwa vipande. Sipendi uanze kukubali leo, wakati hauna shida ya fedha.

Sasa mdogo wako. Mwambie kwanza anunue antena ya kawaida ya ndani, kitu ambacho wageni wengi kule hawakijui. Fox, NBC, CBS, ABC, Telemundo na Univision hurushwa hewani bure katika miji mikubwa, bila kebo na bila malipo ya mwezi. Haki za Marekani za Kombe la Dunia la 2026 ziko Fox na Telemundo, kwa hiyo antena itampa mechi nyingi sana, na Kihispania cha Telemundo hakimzuii mtu anayejua mpira. Kwa Ligi Kuu ya Uingereza atahitaji Peacock, programu ya NBC, na baadhi ya mechi ziko kwenye chaneli ya kebo ya USA Network. Ligi ya Mabingwa ni Paramount+. Laliga ni ESPN. MLS ni Apple TV. Kulipia zote kwa pamoja ni kupoteza fedha: zinalipiwa mwezi kwa mwezi na zinakatika siku unayotaka, basi afuate timu anayoipenda, na akate msimu ukiisha. Columbus Crew wana uwanja katikati ya mji, uliofunguliwa 2021. Akiulizia tiketi za mechi za katikati ya wiki, huwa hazigombewi kama za Jumamosi.